Zimwi la katoni nyumbani kwetu

Mzazi yeyote anayesomesha mtoto humu nchini anaijua thamani ya katoni. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kufuatwa kote nchini mwaka wa 2019, tumekuwa tukitumwa katoni usiku na mchana: leo ya kutengenezea gari, kesho ya kutengenezea nyumba, mtondo ya kutengenezea ngoma. Wenye maduka mtaani kwetu, ambao zamani walizitupa, siku hizi wanaziuza. Kwa hivyo mwaka jana binti yangu aliponiambia kwamba anahitaji katoni, sikushtuka hata kidogo. Nilimuuliza tu anataka ngapi.

"Mbili tu, Mama," akanijibu. "Lakini ziwe za friji."

Hapo ndipo niliweka kikombe cha chai mezani. Katoni ya friji si kitu cha kubebwa kwapani. Nilipomdadisi zaidi, alinieleza kwamba kulikuwa na maonyesho ya mashabiki wa vibonzo na michezo ya video yaliyokuwa yakifanyika Westlands wakati wa likizo, na kwamba alitaka kwenda akiwa amevaa vazi la Creeper.

Kwa wale ambao hawana vijana nyumbani, Creeper ni zimwi la katika mchezo wa video uitwao Minecraft, uliobuniwa nchini Sweden. Mchezo huo ulianza kuonekana mwaka wa 2009, ukakamilika mwaka wa 2011, na mwaka wa 2014 kampuni ya Microsoft ikainunua kampuni iliyoutengeneza kwa dola bilioni 2.5. Kufikia mwaka wa 2023 nakala zake zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa kote duniani. Ulimwengu wote wa mchezo huo umejengwa kwa vipande vya mraba kama matofali: milima ni ya mraba, ng'ombe ni wa mraba, hata jua ni la mraba. Mchezaji huchimba, hukata miti na kujijengea nyumba. Creeper ndiye adui wa nyumba hizo. Ni wa kijani kibichi, ana miguu minne mifupi na hana mikono. Huja kimyakimya, na unaposikia mlio wake kama wa nyoka, ujue umechelewa. Hulipuka na kukubomolea ukuta uliojenga kwa muda wa wiki nzima.

Nyumbani kwetu mchezo huo huruhusiwa saa moja siku ya Jumamosi na saa moja Jumapili, baada ya kazi za nyumbani. Sikuwahi kuuchukulia kuwa adui, lakini pia sikuwahi kufikiri kwamba zimwi lake lingekuja kulala sebuleni kwangu.

Sasa naomba nikueleze jambo moja kabla sijaendelea na habari za katoni. Binti yangu wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12 na kimo cha sentimita 170. Mimi mamake nina sentimita 163. Urefu huo ulimjia kwa ghafla, kama mahindi yaliyopata mvua. Katika mwaka mmoja nilinunua sare za shule mara mbili, na viatu vyake vikawa vinampita babake.

Shuleni walimpa jina. Walimwita Mlingoti. Wakati bendera ilipokuwa ikipandishwa, mtu nyuma yake angenong'ona, "Mlingoti wa pili huu hapa," na mstari mzima ukacheka. Mwanzoni alituhadithia mambo hayo huku naye akicheka. Baadaye akanyamaza, na badala ya mdomo wake, mgongo ndio uliozungumza. Alianza kuinama. Mabega yalikuja mbele, shingo ikaingia ndani kama ya kobe. Tulipopiga picha za familia alipiga magoti ili awe sawa na binamu zake. Nikimwambia, "Nyoosha mgongo, mwanangu," alinyoosha kwa muda wa dakika moja, kisha ukarudi ulikotoka.

Ndiyo maana ombi lake lilinishangaza. Nilipiga hesabu ya haraka nikaona kwamba mtoto anayejificha kwa sababu ya urefu alikuwa akitaka vazi litakalomfanya awe mrefu zaidi. Nikamuuliza, "Miongoni mwa wanyama wote wa mchezo huo, mbona umemchagua huyu?"

Jibu lake sijalisahau.

"Mama, huyu alikuwa awe nguruwe," alisema. "Aliyemchora akachanganya vipimo, urefu ukasimama ukawa kimo. Akatoka mrefu hivi, mwembamba. Lakini hawakumfuta. Walimpaka rangi ya kijani wakamwacha."

Baadaye nilichunguza nikapata kwamba ni kweli. Mbunifu wa mchezo huo, Markus Persson, amewahi kueleza kwamba alikuwa akijaribu kuunda nguruwe, akabadilisha nambari za urefu na kimo, na zimwi hilo likazaliwa hivyo. Leo ndiye anayejulikana zaidi katika mchezo mzima.

Siku mbili nilitembea na maneno hayo: "Lakini hawakumfuta." Pia nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia. Ndani ya sanduku hakuna anayeujua uso wako. Je, nikimsaidia kulitengeneza, si nitakuwa nimemjengea shimo la kujifichia? Nilimshirikisha baba watoto. Yeye ni mhasibu na jambo la kwanza alilouliza ni gharama. La pili alilosema lilikuwa la maana zaidi: "Mama watoto, mtu akitaka kujificha atajificha hata kwenye sweta. Afadhali hili sanduku, tutamwona analijenga."

Tukakubali kwa sharti moja, nalo nililitoa mimi. Vazi hilo liwe la namna ambayo ataweza kulivua mwenyewe, bila kumwita mtu. Asipoweza kutoka peke yake, basi haliingii. Nilikuwa nikifikiria moto, joto na kizunguzungu. Huenda pia nilikuwa nikifikiria mengine.

Siku ya Jumamosi tulienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vyombo vya umeme, tukanunua katoni mbili za friji kwa Sh150 kila moja. Tulizikunja na kuzifunga kwa kamba, na mkokoteni ukatufikisha kituoni.

Kama ungependa kujaribu kazi hii na watoto wako, haya ndiyo tuliyoyafanya. Umbo la Creeper ni hesabu tupu. Kichwa chake ni miraba 8 kwa 8 kila upande. Kiwiliwili ni miraba 8 kwa upana, 12 kwa kimo na 4 kwa unene. Kila mguu ni miraba 4 kwa upana na unene, na 6 kwa kimo. Ukijumlisha kimo cha kichwa, kiwiliwili na mguu unapata miraba 26. Swali ni moja tu: mraba mmoja uwe na ukubwa gani?

Binti yangu alikaa na rula na karatasi jioni nzima. Akija na sentimita 6, zimwi linakuwa fupi kumliko yeye mwenyewe. Sentimita 7 zinampa sentimita 182, lakini macho yake yanaangukia mahali ambapo hakuna tundu. Sentimita 8 zikampa sentimita 208, yaani zaidi ya mita mbili, na macho yake yakaangukia safu ya saba ya kichwa, ambapo mdomo wa Creeper una upana wa miraba minne. Angeona kupitia mdomoni! Alipiga makofi. Mimi niliyeketi kando nikikuna nazi nilikuwa nimesahau lini mara ya mwisho kumwona akifurahia kimo chake katika hesabu yoyote.

Kadibodi ya katoni ina tabaka tatu au zaidi, na ile ya katikati ina mikunjo kama ya bati la kuezekea. Mikunjo hiyo ndiyo nguvu yake. Ikisimama wima, kadibodi hubeba uzito. Ikilala, ukuta hupinda. Kwa hivyo kabla ya kukata, angalia mikunjo inaelekea wapi. Unapotaka kukunja pembe, usikate. Pitisha mgongo wa kisu kwenye mstari, ukibonyeza polepole, kisha ukunje kwa kufuata ubao ulionyooka. Kazi ya kukata kwa kisu chenyewe tulimwachia mtu mzima, chini kukiwa na ubao wa zamani.

Gundi ya fundi viatu hushika barabara lakini harufu yake si ya chumba chenye watoto. Tuliipaka nje, kwenye roshani. Pembe zote tulizitia nguvu kwa vipande vya magazeti vilivyochovywa katika uji wa unga wa ngano, tabaka tatu, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Magazeti ya zamani, kama unavyoweza kukisia, si kitu cha kuadimika nyumbani kwangu. Makala yangu kadhaa ya miaka ya nyuma sasa yamo ndani ya shingo ya zimwi.

Miguu ya Creeper imekaa miwili mbele na miwili nyuma ya kiwiliwili. Hiyo ilitufaa sana, kwani katikati ilibaki nafasi ya sentimita 32 ya miguu yake halisi, iliyositiriwa kwa kitambaa cheusi. Kiwiliwili tulikitundika mabegani kwa mikanda ya mkoba wa shule uliochakaa, na juu ya mabega tukaweka vipande vya sponji ya godoro ili kichwa kikalie hapo. Ubavuni, kulia na kushoto, baba watoto alikata vilango viwili vya kupitishia mikono. Ukivisukuma vinafunguka, mikono inatoka, inakinyanyua kichwa. Binti yangu alijaribiwa kujivua mara kumi, huku kakake mdogo akihesabu sekunde. Mara ya kwanza alitumia 40. Mara ya kumi, 9.

Kisha ikaja rangi. Creeper si wa kijani kimoja. Kila mraba una kijani chake, kingine kikiwa hafifu na kingine kikikaribia weusi. Tulinunua kopo moja la rangi ya maji ya kijani, na makopo madogo ya nyeupe na nyeusi, tukachanganya vivuli vitano katika vikombe vya maziwa ya mtindi. Kichwa kina nyuso tano za miraba 64, hiyo ni 320. Kiwiliwili kina 288. Miguu minne ina 384, bila kuhesabu sehemu zake za juu. Jumla ni miraba 992. Miraba 20 peke yake ndiyo nyeusi, yaani macho na mdomo. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi na Jumapili tatu. Kakake, mwenye umri wa miaka saba, alipewa miguu ya nyuma ambayo hakuna angeiangalia sana, na akaipaka kwa bidii hadi vidole vyake vikawa vya kijani shuleni Jumatatu.

Katika mchezo, Creeper humwogopa paka kuliko kitu chochote. Nyumbani kwetu mambo yalikuwa kinyume. Paka wa jirani aliingia kwa dirisha la jikoni, akakuta kichwa kikikauka sakafuni, akaingia ndani yake na kulala. Tulimtoa kwa vipande vya omena.

Kazi ya mikono ina namna yake ya kufungua vinywa. Ilikuwa ni katika miraba ya mia nne hivi, sote wawili tukiwa tumeinamia kiwiliwili, ambapo alianza kunieleza mambo ya shuleni bila kuulizwa. Nani alianzisha lile jina. Nani hakucheka. Kwa nini aliacha mpira wa pete ingawa mwalimu alimtaka kwenye timu kwa sababu hiyohiyo ya urefu. Sikumhubiria. Nilichovya brashi, nikaendelea.

Mimi nami nilimhadithia niliyokuwa nimeyasoma. Kwamba kadibodi ya mikunjo ilisajiliwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka wa 1856, si ya kufungia bidhaa, bali ya kuwekwa ndani ya kofia ndefu za wanaume ili zisimame. Kwamba mwaka wa 1939, kwenye kongamano la mashabiki wa hadithi za sayansi mjini New York, watu wawili, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walifika wakiwa wamevaa kama watu wa karne zijazo, na kwamba mavazi yote mawili yalishonwa na huyo mwanamke. Kwamba neno ambalo vijana wanalitumia siku hizi kwa uigizaji huu wa mavazi lilibuniwa na Mjapani, Nobuyuki Takahashi, mnamo 1983. Na hapa Nairobi maonyesho ya aina hiyo, Naiccon yakiwa mojawapo, yamekuwapo kwa miaka sasa. "Kumbe wazee walianza kabla yetu," akasema, na akapaka mraba mwingine.

Asubuhi ya maonyesho tulikuwa na tatizo la usafiri. Kiwiliwili na miguu tulivifunga kwa kamba upande mmoja ili viweze kukunjuka na kulala bapa. Kichwa hakikukunjika. Kilikuwa na sentimita 64 kila upande na kilipita mlango wa matatu kwa kubembelezwa. Makanga alikitazama, akatutazama sisi, akatoa hukumu: "Mathe, kama kichwa kinakaa kwa siti, kinalipa." Tukakilipia nauli kama abiria mwingine. Kilikaa karibu na dirisha, na njia nzima watoto waliokuwa kando ya barabara walikipungia mkono.

Ukumbini alivaa mwenyewe. Vazi zima lilikuwa na uzito wa kilo sita na nusu hivi, na ndani mlikuwa na joto, hivyo tulikuwa tumekubaliana atembee dakika 20, kisha avue, anywe maji na kupumzika. Niligundua kitu ambacho hakuna kati yetu alikuwa amekipangia. Kiwiliwili cha kimo cha sentimita 96 hakikuruhusu mtu kuinama. Akiinamisha mabega, pembe ya chini inamgonga mapaja. Alilazimika kutembea wima, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Watu waliachia njia. Vijana walipanga foleni kupiga picha naye. Hakuna aliyejua kama ndani mna mvulana au msichana, mtoto au mtu mzima, na kutokana na jinsi alivyokuwa akitikisa kichwa nilijua anafurahia.

Nilikuwa nimesimama kando nikiwa na chupa ya maji, na ule wasiwasi wangu wa awali umerudi. Ndiyo, amefurahi. Lakini amefurahi kwa kuwa haonekani.

Ndipo mtoto mdogo, wa miaka mitatu hivi, alipogeuka na kujikuta ana kwa ana na zimwi la mita mbili. Alipiga ukwenzi uliosikika ukumbi mzima. Mamake alimwinua, akajaribu kumtuliza, wapi! Alilia huku akijificha uso shingoni mwa mamake. Watu walikuwa wamegeuka wote. Nilianza kupenya katikati ya umati ili nimfikie binti yangu, nimsaidie kuondoka.

Sikuhitajika. Niliona vilango viwili vya ubavuni vikifunguka. Mikono ikatoka, ikashika kichwa, ikakiinua. Akatokea yeye, jasho likimtiririka, nywele zimelala upande mmoja, mbele ya watu wote hao na simu zao zilizokuwa zinapiga picha. Alikishusha kichwa chini na kukigonga kama ngoma.

"Usiogope, ni katoni tu," alimwambia yule mtoto. "Ona, ni mimi."

Mtoto alichungulia kwa jicho moja. Binti yangu akamwonyesha mdomo wa zimwi, akamwambia atie mkono. Akatia. Baada ya muda alikuwa ameingia ndani ya kichwa na hataki kutoka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na nyuma ya kiwiliwili cha kijani, binti yangu alikuwa amesimama sentimita zake zote 170. Hakukivaa tena kile kichwa kwa karibu nusu saa. Alikuwa akiwaeleza watu namna kilivyojengwa.

Hakushinda zawadi yoyote. Aliyeshinda alikuwa kijana mwenye vazi la chuma cha bandia lenye taa, na alistahili.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba mgongo ulinyooka siku hiyo na kubaki hivyo. Kuna siku bado anainama, hasa Jumapili jioni, shule ikikaribia. Lile jina bado lipo, ingawa anasema limepungua makali tangu alipoanza kulijibu. Muhula uliofuata alirudi kwenye mpira wa pete, na huko urefu wake haufanyiwi mzaha ila na wapinzani. Gharama yote ilikuwa Sh1,850 pamoja na nauli ya kichwa. Baba watoto aliiandika kwenye daftari lake chini ya neno "Elimu".

Mvua za mwaka uliofuata ziliiharibu miguu iliyokuwa roshani. Kichwa kilipewa watoto wa ghorofa ya chini, ambao wamekigeuza nyumba ya wanasesere. Kiwiliwili kimebaki nyuma ya mlango wa chumba chake, kimesimama wima, na ndani yake ameweka vitabu vyake vya mwaka jana.

Wazazi wenzangu mara nyingi huniuliza kama michezo ya video inawaharibu watoto. Mimi husema waangalie kwanza mtoto anatafuta nini humo, kisha wampe rula, kisu kisicho kikali sana na katoni, wakae naye. Huenda mkamaliza miraba mia nne kabla hajasema neno. Endeleeni kupaka.